Picha Ishirini na Sita za Nyumba ya Mama Mkwe

Tangu nirudi, watu kumi na mmoja wa kichochoro chetu cha mafundi wameniuliza, "Picha ziko wapi?" Wengine wameuliza mara mbili. Nimemjibu kila mmoja kivyake, na nimegundua kwamba kila ninavyosimulia upya ninajipendelea kidogo zaidi. Jana nilijisikia nikimwambia fundi viatu kwamba kosa lilikuwa la kamera. Kwa hiyo naandika mara moja, ili wote mpate maelezo yaleyale, kabla sijawa shujaa.

Kwa asiyenifahamu vizuri: nina miaka hamsini na minne, ninatengeneza mizani hapa Morogoro, na upigaji picha nimejifundisha mwenyewe kwa vitabu viwili na makosa mengi. Kamera yangu ni ya mkanda, niliinunua kwenye studio iliyokuwa inafungwa, na picha zake hazina rangi. Ninapiga vitu ambavyo hakuna aliyeomba vipigwe: mlango wa duka, kisima, ngazi za ofisi, kona ya uwanja wa mpira. Watu siwaweki. Kwa miaka sita nimekuwa nikiwaeleza wenzangu kwamba mtu akiingia kwenye picha, jicho la mtazamaji humkimbilia yeye na mahali panasahaulika. Nilieleza hivyo hata kwa wasioniuliza.

Safari yenyewe ilitokana na mama mkwe. Ana miaka themanini na ushee, anaishi nasi, na miguu yake haijampandisha milima ya Upare mwaka wa nne huu. Nyumba yake ya udongo na mawe bado ilikuwa huko juu, kwenye kijiji kimoja cha Same ambacho sitakitaja kwa sababu wanakijiji wake bado wananicheka. Mvua za mwaka jana ziliipasua ukuta. Shemeji yangu Eliamani, mwanawe wa mwisho, alitaka kuibomoa ajenge ya tofali palepale, maana kule mlimani kiwanja tambarare hakipatikani mara mbili. Mama alikaa kimya siku tatu. Siku ya nne akampigia simu mwanawe.

"Bomoa," alimwambia. "Lakini nataka niione kwanza."

Eliamani ana simu ya kitochi. Mke wangu akapendekeza aombwe jirani mwenye simu ya kisasa apige, atume, yaishe. Hapo ndipo nilipoingilia. Nilisema simu ni mchezo wa kuigiza. Nilisema nyumba ya mtu ya maisha yake yote inastahili mkanda. Nilisema nitakwenda mwenyewe. Nyumba ingebomolewa Jumamosi, kwa kuwa saruji ilikwishafika na watu wa kusaidia walikwishaambiwa. Mimi nikaondoka Alhamisi alfajiri na mikanda miwili ya picha thelathini na sita kila mmoja, kipima mwanga, daftari, na stendi ya miguu mitatu.

Morogoro hadi mahali ambapo sikuwa nakwenda

Baada ya Hedaru milima ilikaa mkono wa kulia, na mwanga wa alasiri ukaipiga ubavuni kwa namna ambayo vitabu vyangu vyote viwili vinaisifu. Nikatoa kipima mwanga nikawa nasoma kupitia dirishani. Kwenye daftari nikaandika saa, nikaandika kipimo, kisha nikaandika tofauti kati ya kipimo hicho na kile cha dakika tano zilizopita. Nilisikia kondakta akiita, "Same! Wa Same!" Nilisikia kabisa. Nikafikiri: nimalize mstari huu.

Baadaye kidogo kondakta akapita akakagua viti.

"Mzee, wewe si ulisema Same?"

"Ndiyo, Same."

"Same tumeiacha, mzee. Hii unayoiona mbele ni Lembeni."

Abiria wa kiti cha nyuma akasema alidhani mimi ni mtu wa hali ya hewa, ndiyo maana hakunigusa.

Lembeni

Mtu mwenye akili timamu angevuka barabara, akasimamisha gari la kurudi, akafika Same mapema. Lakini reli inapita Lembeni, na jengo la stesheni lilikuwa na kivuli kirefu. Nikaona Mungu amenishusha pale kwa makusudi.

Nikakaa kwenye gogo nikapakia mkanda wa kwanza. Hapa niombe muwe makini, kwa sababu kila kilichofuata kilianzia kwenye gogo hilo. Mkanda una ulimi mfupi ambao unauchomeka kwenye kijiti cha kuvutia, kisha unafunga kamera. Kitabu kinasema uchomeke ulimi wa kutosha. Mimi, kwa hesabu zangu mwenyewe, nilikuwa nimegundua kwamba ukichomeka ncha tu, kidogo sana, unaokoa nafasi ya picha mbili. Kwa nini niwe na thelathini na sita wakati ninaweza kuwa na thelathini na nane? Nikachomeka ncha. Nikafunga. Nikajisifu.

Nilipiga stesheni mara nne. Nikahamia kwenye duka moja dogo la bluu karibu na njia ya reli, nikafungua miguu mitatu, nikapima mwanga wa ukuta, nikaandika. Mwenye duka, mama wa umri wangu, akatoka akafunga vizuri kanga yake.

"Habari za saa hizi, baba."

"Nzuri, mama. Poleni na kazi."

"Tumeshapoa. Samahani, umeipima umepata ngapi?"

"Nyumba sijaipima. Nimepima mwanga."

"Mwanga." Akageuka akamwita mtu aliyekuwa anatengeneza baiskeli. "Baba Shabani! Njoo huku. Anasema anapima mwanga."

Baba Shabani akaja na spana yake. Akanitazama mimi, akaitazama stendi. "Mwaka ule walikuja hivihivi," akasema. "Daftari hivihivi, kijiti chenye miguu mitatu hivihivi, mpole hivihivi. Kesho yake tukaamka kuna alama nyekundu ukutani."

Nikaelewa. Walidhani natoka reli, kuwapimia nyumba zilizo karibu na njia ili zibomolewe. Nikaona dawa ni kuwaonyesha daftari waone hakuna siri. Mama akalichukua akasoma kwa sauti: "Duka la bluu, ukuta wa kusini. Mia moja ishirini na tano. Nane." Akausoma tena mstari uleule. Kisha: "Mia moja ishirini na tano nini? Futi?"

Nikaeleza kwamba hiyo ni kasi ya kamera. Baba Shabani akasema kamera haiendi kokote, ina kasi gani. Mama akaomba basi aione hiyo picha ya duka lake. Nikamwambia kamera hii haina kioo cha kuonyesha.

"Haina kioo."

"Hapana. Mpaka nikasafishe mkanda nyumbani."

"Na rangi?"

"Rangi nayo haina."

Akaniangalia kwa huruma ya kweli. "Sasa baba yangu, hii kamera ina nini?"

Wakati huo nilidhani swali hilo lina jibu. Kilichoniokoa ni mama mkwe. Nilipotaja jina la kijiji na sababu ya safari, uso wa mwenye duka ukabadilika. Akasema mtu anayeombwa na mkwewe na bado anapoteza muda Lembeni hawezi kuwa mtu wa serikali, kwa sababu wa serikali huja na gari. Akanipa viazi vya kukaanga na chai, akakataa katakata nisile nimesimama. Gari la kurudi Same nililipata jua likizama.

Same

Asubuhi ya Ijumaa upepo wa Same ulikuwa umeamka kabla yangu. Nikapiga picha nne tu: mabati ya sokoni, ukuta wa gesti, tangi la maji, na kiti cha plastiki kilichofungwa kwa mnyororo. Kwenye ile ya tangi nilimsubiri mzee mmoja amalize kupita. Alikuwa na mkongojo na alipita taratibu, akasimama katikati, akanisalimu, akauliza habari za nilikotoka, akanipa pole ya safari, akaendelea. Nilishukuru alipotoka kwenye fremu. Leo ningetoa mikanda kumi arudi.

Dereva wa bodaboda aliyenipandisha mlimani aliitwa Mchome, mtu wa makamo, mwenye koti zito licha ya joto la Same. Nilidhani anaumwa. Baada ya kona ya kumi na moja, baridi iliponiingia kwenye viwiko, nikaelewa kwamba mgonjwa ni mimi niliyevaa shati.

Barabara inapanda kama inayokimbizwa na mtu. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine vilele vya migomba iliyo chini yako. Nikamsimamisha mara ya kwanza kwa ajili ya daraja, mara ya pili kwa ajili ya matuta ya tangawizi, mara ya tatu kwa ajili ya jiwe.

"Jiwe," alisema Mchome.

"Lina umbo zuri."

"Mzee, mawe yako mengi huko tunakokwenda. Ukinisimamisha mara ya nne, nakuacha na jiwe lako."

Hiyo ilikuwa picha ya kumi na nne. Niliiandika.

Ijumaa, kula

Nilifika saa tano asubuhi. Eliamani alinipokea njiani, mrefu, mwenye matope mpaka magotini, akanichukulia mzigo na kunishika mkono muda mrefu. "Shemeji, umekuja kweli. Mama kaniambia nisiguse hata bati moja mpaka umalize." Akacheka, lakini aliitazama kamera kama mtu anayemtazama daktari. "Nimemwahidi. Mengine yote aliniachia, hili moja tu ndilo aliloomba."

Nyumba ilikaa kwenye ukingo wa kiwanja, bati lenye kutu, ukuta wenye ufa unaoingia kiganja, mlango mmoja wa mbao upande wa mashariki. Jua lilikuwa linaipiga vizuri ajabu. Nikafungua mkoba. Eliamani akanishika bega.

"Kwanza ule."

Mimi ni mkwe wa kijiji kile, na mkwe halali njaa wala hapigi picha na njaa. Nilikula makande kwa Eliamani. Nilipotoka, jirani wa kushoto alikuwa amesimama mlangoni akisema makande yake nayo yameiva, na yeye hawezi kuonekana mbaya. Nikala. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Bi Nakijwa, rafiki wa mama mkwe tangu wote wakiwa wasichana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wetu. Mbona umekonda? Watu wa Morogoro hawali?"

Nikala makande ya tatu, na chai ya tangawizi iliyonitoa machozi ambayo yeye aliyachukulia kuwa ya furaha. Akaniuliza picha zitakuwa za namna gani. Nikasema nyeusi na nyeupe.

"Kwa nini? Amekufa?"

"Hapana, mama, yuko salama kabisa."

"Basi mpigie za rangi. Hizo nyeusi ni za kwenye jeneza."

Kufikia saa tisa nilikuwa mzito kama mizani ya sokoni, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa.

Ijumaa, kazi

Ukungu ulipofunguka kidogo nikaanza. Mnisamehe nikisema nilifanya kazi nzuri, kwa sababu ndiyo sehemu inayoniuma. Nilizunguka nyumba ile kwa saa mbili na nusu. Nilipiga ukuta wa ufa, pembe ya jiko, kivuli cha upenu, mlango mara tisa. Bi Nakijwa alikuja akakaa kizingitini kama alivyozoea miaka yote, nikamwomba asogee. Akasogea. Akarudi. Nikamwomba tena. Mara ya tatu akauliza kama ameiharibu nyumba kwa kukaa. Nikamweleza ile nadharia yangu ya jicho la mtazamaji. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya," akaenda zake.

Nilitaka kupiga na ndani. Eliamani alinifungulia sebule, lakini nilipoinua pazia la chumbani sauti ya Bi Nakijwa ilitokea nyuma ya nyumba, sijui aliniona vipi: "Mkwe! Huko haingii mtu kama wewe. Ni chumba cha mkweo." Nikaona aibu mpaka masikioni. Nikatoka, na kwa heshima nikaacha na sebule. Kwa hiyo ndani sikupapiga.

Jioni alipita Mwalimu Joyce wa shule ya msingi, ana simu nzuri ya kioo kikubwa. Akasema, "Shemeji, na mimi nipige mbili tatu, zisaidie?" Nikamwambia aiweke simu yake, kazi hii ni ya mkanda, nitamtumia nakala. Simu yangu mwenyewe, yenye kamera, ilikuwa mfukoni mwa suruali. Sikuitoa. Mkitaka sababu, ni kiburi. Nimetafuta neno jingine sikulipata.

Nilimaliza na picha ya thelathini na nne. Eliamani akaniuliza, "Umepata?"

"Nimepata," nikasema. "Bomoa bila wasiwasi."

Jumamosi

Jumamosi alfajiri pembe ililia. Siku hiyo kulikuwa na msaragambo, ile kazi ya kijiji ambayo kila nyumba hutoa mtu, na safari hii ilikuwa ya kuzibua mfereji unaotoka kwenye ndiva, bwawa lao la kukinga maji ya mashamba. Asiyefika hutozwa faini. Eliamani alikuwa ameniambia mfereji utawachukua mpaka mchana, na nyumba itafuata. Lakini watu walijua kwamba kwake kumepikwa, mfereji ukazibuliwa kwa kasi ambayo mwenyekiti alisema hajawahi kuiona. Saa nne walikuwa uwanjani, watu kama thelathini, majembe mabegani.

Bati lilitoka kwa nusu saa. Boriti zikafuata. Nilikuwa napiga kwa pembeni: thelathini na tano, thelathini na sita. Thelathini na saba, nikatabasamu, hesabu yangu ya ncha inafanya kazi. Ukuta wa ufa ukaenda chini kwa kishindo kimoja. Thelathini na nane. Nilikuwa sahihi kabisa! Nikavuta tena nione kama mkanda umekwisha, haukukaza. Thelathini na tisa. Ukuta wa mwisho ukalala. Arobaini.

Hakuna mkanda wa picha arobaini.

Kuna kishikio kidogo juu ya kamera ambacho huzunguka kila unapovuta, kama mkanda kweli unatembea. Kitabu kinasema kitazame kila mara. Ukurasa huo nimeupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nikakitazama nikivuta: kilikuwa kimetulia kama kiti cha plastiki cha Same. Nikaomba blanketi, nikajifunika kichwa na mikono kwenye stoo ya mahindi ya Bi Nakijwa, nikafungua kamera gizani nikapapasa. Mkanda wote ulikuwa ndani ya kopo lake. Ulimi ulichomoka kule Lembeni kwenye gogo, kabla ya picha ya kwanza. Picha zote arobaini, na kati ya hizo ishirini na sita za nyumba, nilikuwa nimezipiga juu ya hewa, kwa vipimo sahihi kabisa.

Nilikaa kwenye stoo ile muda ambao sikuuandika.

Nilipotoka, watu walikuwa wanasawazisha kifusi. Nikamwita Eliamani pembeni, nikamwambia bila kuzunguka. Hakugomba. Aliketi juu ya lundo la udongo wa nyumba ya mama yake akawa anaangalia mikono yake.

"Hakuna hata moja?"

"Hata moja."

"Alisema nataka niione kwanza. Kitu kimoja tu, shemeji. Sasa nitamwambia nini? Kwamba nilibomoa kabla?"

Nikamwambia nitasema mimi. Akatikisa kichwa. "Wewe ni mkwe, atakusamehe palepale. Mimi ndiye nimebomoa."

Habari ikazunguka uwanja haraka kuliko majembe. Watu wakatoa simu, wakazitafuta picha za zamani. Tulipata bega la bibi harusi na kipande cha upenu. Tulipata mbuzi, na nyuma yake nusu ya dirisha. Mwalimu Joyce alinitazama tu huku akiirudisha simu yake mkobani polepole sana. Mwanaume mmoja mwenye sururu akauliza, "Kwa hiyo jana kutwa alikuwa anapiga nini?" Mwingine akamjibu, "Alikuwa anapima mwanga." Kicheko kilichofuata kilinistahili.

Bi Nakijwa hakucheka. Aliingia katikati ya kiwanja kitupu akasimama.

"Mimi nipo kwenye moto," akasema. "Mafiga yalikuwa hapa. Joyce, mlango ulikuwa wapi?"

"Pale."

"Basi usinionyeshe, kasimame."

Joyce akaenda akasimama. Mtu mwingine akasema dirisha lilikuwa huku, wakaanza kubishana, mmoja akisema dirisha lilikuwa hatua mbili mbele, mwingine akasema huko unapaonaje na wewe hukuwahi kualikwa ndani. Mke wa Eliamani akaenda kukaa chini kabisa, mahali pa kitanda, miguu ameinyoosha. Mwenye sururu akawa pembe ya nyuma. Mtu akawa mtungi wa maji, akaambiwa achuchumae, mitungi haisimami hivyo. Ndani ya dakika chache ile nyumba ilikuwa imesimama tena, imetengenezwa kwa watu kumi na wawili wenye matope.

"Haya, mkwe," Bi Nakijwa akaniambia. "Piga. Au tusogee?"

Nikapakia mkanda wa pili. Nilichomeka ulimi mrefu mpaka mwisho, nikavuta, nikatazama kishikio kikizunguka. Mwanga mzuri ulikuwa unatokea upande wa kulia, na mahali pazuri pa kusimama palikuwa karibu na mke wa Eliamani. Nilipiga hatua mbili kuelekea huko, nikasimama. Hapo palikuwa chumbani kwa mama mkwe. Nikarudi, nikazunguka kwa nje, nikiufuata ukuta ambao haukuwepo, mpaka pembe ya nyuma.

"Mkwe, pita tu katikati, chumba hakipo!" mwenye sururu akapiga kelele.

"Kipo," Bi Nakijwa akasema, na hakuna aliyecheka tena.

Kwa hiyo nilipigia upande mbaya, jua likiniingia kwenye lenzi. Eliamani tulimwita mara mbili aje asimame popote. Alikataa kuingia. Alibaki pembeni ya uwanja, nje ya watu wote, mikono nyuma. Nilimwacha kwenye fremu. Nilipiga picha kumi na moja, kisha ukungu ukaja ukafunga duka.

Kushuka, na Morogoro

Ya kushuka ni machache. Mchome alikuja kunichukua, akaniuliza lile jiwe lilitokaje, nikamwambia halikutoka. Akapunguza mwendo tulipolipita, nadhani kwa heshima. Kwenye basi sikutoa kipima mwanga.

Nyumbani nilimwambia mama usiku uleule, kabla sijavua viatu. Nilimwambia kosa lilikuwa langu, si la Eliamani, na kwamba nyumba imebomolewa bila yeye kuiona. Alisikiliza. Akauliza kama nilikula. Nikasema nilikula mara tatu. Akasema vizuri, akaenda kulala, na siku mbili zilizofuata hakuizungumzia nyumba. Eliamani alipiga simu mara mbili, mara zote mbili mama akasema aambiwe amelala. Ilikuwa mchana.

Nilisafisha mkanda stoo. Katika picha kumi na moja, saba jua lilikuwa limezila, tatu mtungi alikuwa amecheka akatikisika. Moja ilitoka. Niliichapa kwenye karatasi kubwa niliyokuwa nimeitunza mwaka mzima kwa kazi ya maana, karatasi isiyong'aa, niliipata moja tu. Nikampelekea barazani.

Aliishika karibu na uso muda mrefu. Nilijiandaa kueleza, lakini hakunipa nafasi.

"Nakijwa yuko kwenye moto wangu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mwambie amekaa karibu mno, ataungua." Akasogeza kidole. "Huyu ni nani amekuwa mtungi? Mtungi wangu ulikuwa mkubwa kuliko huyu. Na huyu mwanamke kanyoosha miguu kitandani kwangu na matope yake." Akaendelea hivyo, mtu mmoja baada ya mwingine, akimsahihisha kila mmoja. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni kaweka mkono mdomoni, sijui kwa kucheka au kwa kulia.

Kisha mama akasema, "Kalamu."

Nikampa penseli ya karakana. Akaiweka picha kwenye paja, akaanza kuchora. Juu ya picha yenyewe. Juu ya karatasi yangu ya pekee. Mstari ukatoka kwa mwenye sururu ukapita kwa mtungi, ukazunguka kitanda, ukaenda kwa Mwalimu Joyce mlangoni, ukarudi mpaka ukafunga. Watu wote wakawa ndani ya nyumba. Akachora na paa.

Eliamani akabaki nje, mikono nyuma.

Mama alimtazama. Penseli ilikaa hewani kiasi cha mimi kudhani amemaliza, nikanyoosha mkono niichukue. Akanisukuma mkono. Akafuta kipande cha ukuta kwa kidole gumba, upande ule aliokuwa amesimama mwanawe, akachora pale mlango, mkubwa, uliofunguka.

"Mpigie," akamwambia mke wangu. "Mwambie nimeiona."

Mlango wa nyumba ile ulikuwa upande wa pili, alikosimama Mwalimu Joyce. Niliupiga mara tisa, ninajua. Sikumsahihisha.